Kuisoma Mashine Kuukuu Yadini

Kwenye yadi za mashine za mitumba katikati ya Uingereza, kati ya Birmingham, Coventry na Leicester, njia ya kupita huwa na upana wa mtu mmoja aliyegeuka ubavu. Kushoto kuna mashine tatu za kukereza chini ya turubai moja. Kulia kuna mashine ya kukunjia mabati iliyoegemezwa kwenye nguzo. Mbele kabisa, nyuma ya paleti za mota zilizopoteza vibati vyake, kinachungulia kichwa cha kitu ambacho huenda ndicho kilichotafutwa tangu asubuhi. Muuzaji hatakisogeza. Foklifti ina kazi nyingine, na anayetaka kukiona lazima apande juu ya vyuma.

Msongamano huo una historia. Coventry ilikuwa mji wa watengeneza mashine kabla haijajulikana kwa magari. Kampuni ya Alfred Herbert, iliyoanzishwa huko mwaka 1888, ilikua hadi ikahesabiwa kuwa kubwa kuliko zote duniani katika utengenezaji wa mashine za kuchongea vyuma. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ilianguka, na viwanda vingi vilivyokuwa vikinunua mashine za aina hiyo vilifunga milango karibu na wakati huohuo. Karakana ikifungwa, mali yake hupigwa mnada kwa siku moja au mbili. Mashine nzuri hupata mwenyewe mapema, zinazofuata hununuliwa kwa mafungu na wenye yadi, na zinazokosa mtu huishia kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Kwa hiyo mwenye yadi hutembea na bei mbili kichwani: bei ya mashine na bei ya kilo. Mnunuzi anayeijua ile ya pili huanza mazungumzo akiwa na mahali pa kusimama.

Kwa nini mtu ahangaike na chuma cha miaka sitini? Kwa sababu mwili wa mashine hizi ni chuma cha kusubu, kizito, kinachomeza mtikisiko, na kikipakwa mafuta hakina tarehe ya kufa. Mashine ndogo ya Myford ML7, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1946 Beeston karibu na Nottingham, bado inafanya kazi kwenye vibanda vya mafundi wengi, ingawa kiwanda chake chenyewe kilifungwa mwaka 2011. Colchester walitengeneza mashine waliyoiita Student, yaani mwanafunzi, ikaingia vyuoni. Mashine ya milingi ya Bridgeport iliuzwa kwa mara ya kwanza Marekani mwaka 1938, baadaye ikatengenezwa pia Leicester kwa leseni, na ndiyo maana haikosekani kwenye yadi za eneo hilo.

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na yadini kibaya hujitembeza kwa rangi mpya. Mashine iliyopulizwa rangi ya kijani juu ya grisi, juu ya vibati vya namba, hata juu ya skrubu za kurekebishia, imeandaliwa ili ipigwe picha. Uchafu ni shahidi bora. Tabaka la oili iliyoganda pamoja na vumbi la chuma husema kwamba mashine ilipata mafuta mpaka siku ya mwisho, na chini ya tabaka hilo chuma mara nyingi hung'aa kama kilivyotoka kiwandani. Mnunuzi mzoefu huja na tambara, chupa ya mafuta ya taa, tochi na geji ya saa inayosoma sehemu ya mia ya milimita. Hulifuta tope mahali pachache alipochagua.

Mahali pa kwanza ni kitanda, yaani zile reli mbili ndefu ambazo gari linalobeba kisu huteleza juu yake. Hapa ndipo uhai wa mashine ya kukereza ulipo. Kazi nyingi katika karakana ni fupi: pini, bushi, ekseli ndogo. Kwa hiyo gari hupita mara maelfu kwenye sentimita zilezile karibu na chaki, yaani kile kishikio kinachozunguka na kazi, huku upande wa mbali reli zinabaki karibu kama zilivyozaliwa. Ukucha ukipitishwa kwenye ukingo wa reli chini ya chaki hukutana na ngazi ndogo, mpaka kati ya chuma kilichokanyagwa na chuma ambacho hakijawahi kuguswa. Ngazi ya kuhisika kwa shida ni uzee wa kawaida. Ngazi inayokamata ukucha ni habari nyingine.

Kipimo cha pili hakihitaji chombo chochote, na pengine ndicho kinachosema ukweli mwingi kwa dakika chache. Gari husogezwa mpaka karibu na chaki, kisha kifungio chake hukazwa kidogo, kiasi cha kuleta uzito mkononi. Halafu gurudumu huzungushwa kulirudisha gari upande wa mbali. Kitanda kikiwa kizima, uzito ule haubadiliki. Kikiwa kimelika, gari huanza kukaza njiani na mwishowe hugoma kabisa, kwa kuwa limetoka bondeni na sasa linapanda. Kitanda cha namna hiyo husawazishwa kwa kusagwa kwenye mashine kubwa, au kwa mkono kwa chombo cha kukwangulia na rangi ya bluu inayoonyesha vilima. Gharama ya kazi hiyo yaweza kuizidi bei ya mashine nzima. Skrubu ya kusogezea kisu inayocheza robo mzunguko haitishi kwa kiasi hicho. Mara nyingi nati yake ya shaba ndiyo iliyoisha, na fundi mzuri huchonga nyingine.

Kisha spindo, mhimili unaozungusha chaki. Kipande cha mbao huwekwa chini ya chaki, geji juu ya chaki, na mbao hunyanyuliwa kwa mkono. Mshale ukiruka, beringi zimelegea au zimekwisha, na tofauti kati ya hayo mawili ni pesa nyingi. ML7 ina beringi laini za metali nyeupe zinazoweza kukazwa kwa kuondoa vibati vyembamba. Mashine zenye beringi za rola hukazwa kwa nati. Muuzaji akikubali kuiwasha, gia zote zijaribiwe, moja baada ya nyingine, polepole na kwa haraka. Jino lililovunjika hupiga kwa mpigo usiobadilika, tak, tak, tak, na mpigo huongeza kasi spindo ikiongeza kasi. Kwa kawaida ni kazi ya mtu aliyebadili gia kabla spindo haijasimama.

Hata hivyo, hasara kubwa kabisa yadini mara nyingi iko kwenye kitu kisichokuwapo. Mashine nyingi za Colchester zina kipande cha kitanda karibu na chaki kinachoweza kung'olewa, ili kazi yenye kipenyo kikubwa ipate nafasi ya kuzunguka. Kipande hicho kilisawazishwa kikiwa mahali pake, pamoja na kitanda chake. Hicho ndicho pekee kinachokaa sawasawa. Kuna fundi aliyekitoa kwa kazi ya asubuhi moja, akakiweka chini ya meza, na karakana ikauzwa bila yeye kukumbuka. Vivyo hivyo kwa chaki ya meno manne, kwa vishikilio vya kuzuia vyuma virefu visipinde, na kwa seti ya gia za kubadilishia. Mwenye yadi alinunua kwa uzito na foklifti, na vitu vidogo vilibaki sakafuni. Mnunuzi mwenye akili huuliza mashine ilitoka wapi na vitu vingine vya mnada ule viliwekwa wapi. Jibu mara nyingi ni pipa lililoko nje.

Kutu hutisha kuliko inavyostahili. Ile ya juu juu hutoka kwa mafuta na kikwanguo. Vipande vidogo huzamishwa kwenye maji yenye magadi, ileile sodiamu kaboneti inayochimbwa Ziwa Magadi nchini Kenya, na kuunganishwa na upande hasi wa chaja ya betri, huku kipande cha chuma cha kawaida kikiwa upande chanya. Chuma kisichoshika kutu kisitumike kwa kazi hiyo, kwa sababu huacha sumu ya kromiamu majini. Kutu iliyokwisha kuchimba mashimo kwenye reli za kitanda ndiyo ya kuikimbia.

Umeme ni wa kuuliza kabla ya kulipa. Mashine za viwandani zimefungwa mota za njia tatu, na nyumba nyingi zina njia moja. Kibati cha mota kikionyesha viwango viwili vya volti, takriban 230 na 400, inveta ndogo ya kugeuza njia moja kuwa tatu itatosha. Kikionyesha 400 peke yake, kuna kazi ya kufungua mota na kuunganisha upya nyaya zake, au kuitafuta nyingine.

Na uzito. Bridgeport ina karibu tani moja, nyingi ikiwa juu, na hupinduka kwa urahisi. Wanaojua huishusha meza mpaka mwisho na kukigeuza kichwa kitazame chini kabla ya kamba yoyote kufungwa.

Asili ya mashine nayo huamua vipimo vyake. Afrika Mashariki ina mashine za asili tofauti zilizokutana kwenye karakana moja. Tanzania ilijengewa kiwanda cha mashine Kilimanjaro kwa msaada wa Bulgaria mwanzoni mwa miaka ya 1980, na karakana ya Mang'ula, Kilombero, ilitokana na Wachina waliojenga reli ya TAZARA. Mashine za Bulgaria na China hupima kwa milimita. Za Uingereza za zamani hupima kwa inchi. Fundi mwenye Colchester ya inchi anayetakiwa kuchonga hesi ya milimita anahitaji gia moja ya pekee, yenye meno 127, kwa sababu inchi moja ni milimita 25.4, na 25.4 ni 127 ikigawanywa kwa 5. Namba 127 haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe, kwa hiyo hakuna gia ndogo itakayotoa jibu kamili. Ya meno 63 hukaribia, kwa kosa la takriban sehemu moja katika 8,000, na kwa bolti fupi hakuna atakayegundua.

Ndiyo maana mtu aliyekwisha kukubaliana bei ya mashine, na ambaye lori lake linamsubiri langoni, bado ataonekana amechuchumaa kando ya pipa la gia zilizochanganyika, chaki ya kuandikia mkononi, akitia alama jino la kwanza na kuanza kuhesabu.