Sigara na Wasiwasi Inaodaiwa Kuutuliza

Muulize mtu mwenye sonona au wasiwasi uliopitiliza kwa nini haachi sigara. Jibu mara nyingi ni moja: inanituliza. Hasemi uongo. Akivuta, nikotini hufika kwenye ubongo ndani ya sekunde 10 hadi 20, ikachochea dopamini, kemikali inayoleta hisia ya kuridhika, na kifua kilichokuwa kinabana kikalegea.

Lakini kilimbana nini? Kiasi cha nikotini mwilini hupungua kwa nusu kila baada ya saa 2 hivi, na ubongo uliokwisha kuizoea huanza kuidai. Huja hasira za karibu, wasiwasi, huzuni na usingizi wa mang'amung'amu. Hiyo ni arosto, nayo hufanana na sonona kiasi kwamba mgonjwa na ndugu zake hudhani maradhi yamezidi. Sigara inayofuata huiondoa arosto iliyoletwa na sigara iliyotangulia, kisha husifiwa kama dawa. Ugoro na kuber, tumbaku zisizovutwa kwa moshi, navyo vina nikotini, na huwafunga watu vivyo hivyo.

Mwaka 2014 jarida la BMJ lilichapisha uchambuzi wa tafiti 26. Walioacha sigara walipata nafuu ya sonona, wasiwasi na msongo wa mawazo kuliko walioendelea kuvuta, wakiwamo wenye maradhi ya akili. Wiki za mwanzo ni ngumu, sikatai, ila arosto hupamba moto siku chache za kwanza na kwa wengi huisha ndani ya mwezi mmoja.

Ndiyo maana siafikiani kabisa na wahudumu wa afya wanaosema mgonjwa wa skizofrenia aachiwe sigara yake kwa kuwa ndiyo starehe iliyombakia. Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa wenye maradhi makali ya akili hufariki miaka 10 hadi 20 mapema kuliko watu wengine, wengi wao kwa magonjwa ya mwili yanayozuilika, na tumbaku ni miongoni mwa visababishi vikubwa. Huruma ya namna hiyo inaua.

Lipo jambo moja ambalo familia nyingi haziambiwi. Moshi wa sigara hulifanya ini livunje haraka klozapini na olanzapini, dawa zinazotumika kutibu skizofrenia, hivyo mvutaji huhitaji dozi kubwa zaidi. Akiacha ghafla, pengine kwa kulazwa wodi isiyoruhusu sigara, dozi ileile humzidi ndani ya siku chache: analala kupita kiasi, anatokwa na udenda, hata degedege linaweza kumpata. Bandiko la nikotini halizuii hali hiyo, kwa sababu kinacholichochea ini ni moshi, si nikotini.

Dawa za kusaidia kuacha zipo. Utafiti wa mwaka 2016 uliohusisha watu zaidi ya 8,000, takribani nusu yao wenye maradhi ya akili, haukuona vareniklini wala bupropioni ikiongeza kwa kiwango kikubwa madhara ya akili kuliko kidonge kisicho na dawa ndani yake.

Kama unamuuguza ndugu anayevuta, usimnyang'anye sigara kimyakimya. Mwambie daktari wake anavuta ngapi kwa siku na lini anakusudia kuacha, ili dozi ya dawa zake irekebishwe mapema.