Jake Heke: Baba wa Kimaori aliyechelewa kuomba msamaha

MWISHONI mwa filamu ya Once Were Warriors, iliyotoka mwaka 1994, Jake Heke anaachwa nje ya baa akipayuka peke yake, huku mkewe Beth akiondoka na watoto. Miaka mitano baadaye filamu ya pili, What Becomes of the Broken Hearted?, ilimrudia mtu huyo huyo na kuuliza swali zito zaidi: je, mwanamume aliyeivunja nyumba yake kwa ngumi anaweza kurudi na kuitwa baba?

Filamu hizo za New Zealand zimetokana na riwaya za Alan Duff za mwaka 1990 na 1996. Ya kwanza iliongozwa na Lee Tamahori, ya pili na Ian Mune, na katika zote Temuera Morrison aliigiza kama Jake na Rena Owen kama Beth.

Familia ya Heke inaishi katika nyumba ya serikali jijini Auckland. Jake hana kazi, ila ana marafiki, bia na sifa ya kutoshindwa ugomvi wowote baani. Tukio linaloeleza mengi kuliko vipigo vyenyewe ni lile la mtoto wao Boogie kufikishwa mahakamani. Beth anashindwa kwenda kwa sababu uso wake umevimba kwa kipigo cha usiku uliotangulia, na Boogie anachukuliwa na kupelekwa katika makao ya serikali. Baadaye binti yao Grace anabakwa na rafiki wa baba yake, mtu ambaye watoto walizoea kumwita mjomba, kisha anajiua.

Wamaori, wenyeji wa asili wa nchi hiyo, hawakuwa watu wa mijini. Mwaka 1945 ni takriban asilimia 26 tu yao waliokuwa wakiishi mijini. Kufikia mwaka 1986 walikuwa karibu asilimia 80. Walifuata kazi za viwandani, bandarini na za ujenzi wa barabara, kwani sehemu kubwa ya ardhi ya mababu ilikuwa imekwisha kuchukuliwa na walowezi tangu karne ya 19. Serikali nayo ilikuwa na sera ya kuzitawanya nyumba za Wamaori katikati ya nyumba za Wazungu ili wazoee maisha ya huko haraka.

Kijijini, mume aliyempiga mkewe alijulikana. Walikuwapo wazee, mashangazi na wajomba katika ukoo, ambao kwa Kimaori huitwa whanau, na palikuwapo marae, uwanja wa ukoo wenye nyumba ya mikutano, ambako mambo yalisemwa mbele za watu. Katika nyumba ya mjini, mlango ukishafungwa, mke na watoto hubaki na mtu mmoja mwenye nguvu. Kisha kazi zikaisha. Mageuzi ya uchumi yaliyoanza mwaka 1984 yalifuta ajira nyingi za vibarua, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 takriban mtu mmoja kati ya wanne katika nguvukazi ya Wamaori hakuwa na ajira.

Wapo wasomi wa Kimaori walioishutumu filamu ya kwanza kwamba ilionyesha damu na kuficha ukoloni. Duff kwa upande wake amekuwa akisisitiza kwamba kila mtu awajibike kwa matendo yake. Hoja hizo mbili hazipingani kama inavyodhaniwa. Historia ya ardhi inaeleza Jake alikotoka. Haifuti michubuko usoni mwa Beth.

Katika filamu ya pili, mtoto wa kwanza, Nig, anauawa katika mapigano ya magenge, na mdogo wake Sonny anataka kulipiza kisasi. Hapo ndipo Jake anapoanza kuamka. Maneno hayamsaidii, kwa kuwa wanawe walikwisha kuyasikia mengi. Kinachomsaidia kidogo ni kujitosa hatarini kumwokoa Sonny. Hata hivyo, Beth harudi kwake, na hilo ndilo jambo la kweli kuliko yote katika filamu hiyo: toba ya baba haimlazimu mke aliyepigwa kurejea.

Nje ya filamu, juhudi nyingi zimelenga kuurudisha ukoo mjini. Marae ya Hoani Waititi ilifunguliwa magharibi mwa Auckland mwaka 1980 kwa ajili ya Wamaori wa makabila yote. Sheria ya mwaka 1989 iliweka vikao vya ukoo katika kesi za watoto, na tangu mwaka 2008 baadhi ya kesi za vijana husikilizwa katika marae, mbele ya wazee, kijana akitakiwa kujieleza yeye ni wa ukoo gani.

Lakini yako makosa ambayo ukoo haukuyafanya. Katika filamu, Boogie anapata bahati: huko makaoni anakutana na mlezi anayemfundisha mila za Kimaori. Wengi hawakuipata. Tume ya uchunguzi iliyotoa ripoti yake ya mwisho Julai 2024 ilikadiria kuwa hadi watu 200,000 walinyanyaswa wakiwa chini ya uangalizi wa serikali na taasisi za dini kati ya mwaka 1950 na 2019. Watoto wa Kimaori walikuwa wengi kupita idadi yao katika nchi, na kwa baadhi yao makao hayo yalikuwa njia ya kuelekea kwenye magenge na gerezani.

Novemba 12, 2024, Waziri Mkuu Christopher Luxon aliomba radhi bungeni kwa niaba ya serikali. Baadhi ya walionyanyaswa walikuwepo kumsikiliza. Wengine walikuwa wamekwisha kufariki dunia.