MIMEA YA KWETU INAYOKINGA NYUMBA NA MOTO WA NYIKA

Wazee wetu walinena kwamba kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Mwalimu akituuliza maana yake darasani, sote hukimbilia habari za umoja na ushirikiano. Lakini hebu, mpenzi msomaji, uitazame methali hii kama ilivyo, bila fumbo. Kijinga kimoja peke yake hakiwaki vizuri mpaka kikutane na chenzake. Nyasi kavu za shambani zikikutana na ua wa msaipresi, na ua nao ukagusa paa la nyasi au mbao za darini, moto umekwisha kupata njia ya kuingia nyumbani.

Jambo hili si la mzaha kwetu Kenya. Mnamo Machi 2012 moto uliteketeza sehemu kubwa ya misitu na nyika za Mlima Kenya, na wenyeji wa Laikipia, Naivasha na Kajiado wanajua kiangazi kinavyoweza kugeuza nyasi kuwa baruti. Sasa jiulize: pale kwenu, mimea iliyouzunguka ukuta itauzuia moto au itaukaribisha?

Kwanza tuelewane kwamba hakuna mmea usioungua kabisa. Kuna unaochelewa kushika moto na kuna unaouharakisha. Jani likiwa na maji mengi, joto hutumika kwanza kuyachemsha na kuyakausha maji hayo kabla jani lenyewe halijawaka. Jani lenye mafuta ni kinyume chake. Likipashwa joto, mafuta hugeuka mvuke, na mvuke ule hudaka moto mara moja, hata jani likiwa bichi. Ndiyo sababu mkalitusi, uliotoka Australia, na msaipresi, uliotoka Mexico na nchi jirani zake, si majirani wema wa nyumba. Tunaipenda kwa kuwa hukua upesi, lakini wapi! Ndani ya ua wa msaipresi, chini ya ule ukijani unaopendeza macho, mmejaa vijiti na majani makavu tupu.

Hapa wengine watasema, "Basi tupande miti ya kienyeji, mambo yaishe." Pole pole, ndugu. Leleshwa ni mwenyeji halisi wa Bonde la Ufa, lakini majani yake yananukia kwa sababu ya mafuta, nao huwaka ungali mbichi. Mtarakwa nao ni wetu, tena nguzo zake hazishindwi na mchwa, ila usiupande dirishani. Kwa upande mwingine, dungusi kakati lina maji tele lakini ni mgeni kutoka Marekani, na kule Laikipia limevamia malisho na miiba yake inajeruhi vinywa vya mifugo. Kwa hivyo tunatafuta mmea wenye sifa mbili pamoja: uwe wa hapa, na uwe na majimaji. Ukiwa na shaka, chuma jani ulifikiche. Likikulowesha kwa maji, ni dalili njema. Likinuka sana au likinata vidole, lipande mbali.

Kwa maoni yangu, mshubiri ndio wa kwanza. Kenya ina aina nyingi za mshubiri, hauhitaji maji mengi, na maua yake huwavutia chozi wanaokuja kufyonza asali. Lakini usiende kuuchimba porini. Tangu 1986, amri ya rais ilipotolewa, mshubiri wa porini unalindwa. Omba machipukizi kwa jirani. Mkonge mwitu nao, ule wenye majani manene yaliyosimama kama panga, hukubali hata kivulini. Mnyaa hufaa kwa ua wa mbali, ila utomvu wake mweupe ukiingia jichoni ni balaa, kwa hivyo usiwe karibu na mahali watoto wanapochezea. Ukitaka mti, uko mwambangoma, ambao Wakikuyu huuita muhuti na Waluhya murembe. Gome lake ni nene kama kizibo, nao huota kwa kupandikiza tawi tu. Hupukutisha majani wakati wa kiangazi, basi ufagio uwe tayari.

Naam, ufagio! Hata mshubiri ukiachwa na majani makavu shinani utawaka. Hatua mbili kutoka ukutani acha changarawe au udongo mtupu. Kisha ifuate mimea mifupi, nayo miti ikae mbali, matawi yasiguse paa. Panda kwa mafungu yenye nafasi kati yake, si mstari mmoja usiokatika, na nyasi za nje ya ua zifyekwe kabla ya Januari.

Wakati mwema wa kupanda ni masika yanapoanza, Machi au Aprili. Machipukizi ya mshubiri yaache kivulini siku kadhaa, kidonda kikauke, ndipo uyatie ardhini. Usiyamwagilie kila siku, yataoza mizizi.