Tarehe Ilibaki kwenye Kopo

Kichwa kikikugonga sokoni Kaniama, hununui paketi nzima. Unanunua vidonge vinne. Muuzaji anafungua kopo la vidonge elfu moja, anavihesabu kiganjani, anavitia katika kisasheti cha plastiki na kukipiga fundo. Miezi inapita, kisasheti kinaokotwa chini ya godoro, na nyumba nzima inaulizana: hivi bado vinafaa? Tarehe haipo. Ilibaki kwenye kopo.

Hiyo tarehe yenyewe husomwa vibaya. EXP 06/2026 maana yake kiwanda kinaidhamini dawa hadi siku ya mwisho ya Juni 2026, mradi imekaa ndani ya kifungashio chake, pakavu, chini ya joto lililoandikwa, mara nyingi nyuzi 30. Julai mosi haigeuki sumu. Mwaka 2012 watafiti wa California walipima dawa zilizopitwa na muda kwa miaka 28 hadi 40, zikiwa hazijafunguliwa. Parasetamoli ilikuwa na karibu nguvu yake yote. Aspirini ilikuwa imeporomoka.

Aspirini haipatani na unyevu. Maji ya hewani huivunja ikawa asidi ya salisili, inayochokoza tumbo, na asidi ya asetiki, ambayo ndiyo iliyo katika siki. Basi inuse. Ikinuka siki, itupe, hata kama tarehe yake ni ya mwaka ujao. Na kopo lile la sokoni, linalofunguliwa kutwa nzima msimu wa mvua, chini ya mabati yanayochemka jua likitoka, lilishaipoteza dhamana ya kiwanda zamani.

Parasetamoli ni sugu zaidi, na hapo ndipo watu wanapokosea: "Imezeeka, ongeza viwili." Haijapungua kiasi hicho! Mtu mzima asivuke gramu 4 kwa siku, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, viwe vipya au vya zamani. Zaidi ya hapo ini linaweza kuumia. Siro ya mtoto iliyopitwa na muda sina mjadala nayo: isitumike.

Mimi, kusema kweli, kidonge kisicho na jina kinanitisha kuliko kilichopitwa na miezi miwili. Huko Ituri, kati ya mwisho wa 2014 na Agosti 2015, watu zaidi ya 1,000 walipindwa shingo, uso na ulimi. Mwanzoni ilidhaniwa ni meninjiti. Kumbe vidonge vilivyouzwa kama diazepamu vilikuwa na haloperidoli, dawa ya wagonjwa wa akili. Pale kunusa kusingesaidia, wala tarehe.

Kwa hiyo omba plaketi, yaani bamba la vidonge la kiwandani, hata kipande chake chenye maandishi. Ukikikata nyumbani, anza kumeza upande usio na maandishi, ili jina na tarehe vibaki hadi kidonge cha mwisho. Kihifadhi mbali na jiko na mbali na dirisha. Muuzaji akikupa kilichopitwa na muda, mrudishie. Yeye hana ruhusa ya kukiuza, hata kiwe kizima namna gani.

Na kama ni homa ya mtoto, kidonge hicho, kipya au cha zamani, kinashusha joto tu; malaria, kama ipo, inabaki palepale. Mpeleke kituo cha afya apimwe TDR, kipimo cha haraka cha malaria, siku hiyohiyo.