Kwa nini faili moja linakuwa mawili?



Makarani wengi wanauliza jambo hili. Jioni wanaacha faili moja la orodha ya mishahara katika folda; asubuhi wanakuta mawili, hata manne. Wengine wanasema ni uchawi, wengine wanamshuku mwenzao. Si uchawi. Lakini si jambo dogo: ikipelekwa nakala ya zamani, mfanyakazi aliyeandikishwa juzi atakosa mshahara, na lawama itamwangukia karani. Tutazame sababu zake.

Kwanza, mkono wetu wenyewe. Katika Windows ya Kifaransa, ukinakili faili ndani ya folda ileile, jina lake huongezewa neno "Copie". Ukishusha faili lilelile mara mbili kutoka intaneti, la pili huandikwa (1).

Pili, umeme. Word ikifungua barua huweka kando kifaili kilichofichwa, ambacho jina lake huanza kwa alama ~$. Barua ikifungwa, nacho hufutika. Umeme ukikatika ghafula, hubaki. Hakina barua ndani; funga Word, kisha kifute.

Tatu, folda ya pamoja ya intaneti. Watu wawili wakirekebisha faili moja kwa wakati mmoja, Dropbox au OneDrive huweza kuweka nakala mbili ili kazi ya mmoja isipotee. Hapo usifute chochote kabla ya kulinganisha.

Nne, virusi vya flashi. Flashi inatoka ofisini, inaingia katika sekretariati ya Kanyosha kuchapisha barua, kisha inarudi. Virusi vya aina hii huficha folda zako na kuweka mahali pake vitu vyenye majina yaleyale. Kirusi Brontok, kilichojulikana mwaka 2005 na kutokea Indonesia, kilijivika sura ya folda. Aliyekibonyeza alikiamsha mwenyewe. Tazama safu ya aina: ikisema "Application" au "Raccourci", hiyo si folda. Usibonyeze.

Wengi wakifika hapo huifomati flashi wakidhani kazi imekwisha potea. Hilo ndilo kosa kubwa, maana mara nyingi mafaili yamo, yamefichwa tu. Safisha kompyuta na flashi kwa programu ya kuua virusi. Kisha, kama flashi yako ni E, fungua dirisha la amri uandike: attrib -h -s E:\*.* /s /d. Folda zitaonekana tena.

Ndugu, kabla ya kufuta nakala yoyote, ifungue, tazama tarehe ya marekebisho ya mwisho, hesabu majina. Orodha iwe na mtunzaji mmoja, na jina la faili liwe na tarehe. Na flashi inayokwenda kuchapisha ibebe ile barua moja tu; orodha ya mishahara ibaki ofisini.