Mji Hautolewi Tena

Mwambie mtoto wa shule ya msingi "Kuku wangu katagia miibani", atakujibu "nanasi" kabla hujafunga mdomo. Amekariri. Hajawahi kuketi na kitendawili hicho kikamshinda, na kisichoweza kumshinda mtu hakistahili tena jina hilo.

Utegaji ulikuwa mashindano. Mtegaji akisema "Kitendawili", wenzake huitikia "Tega". Wanabahatisha, wanabishana, na wakishindwa anadai mji. Akipewa kijiji anakikataa mpaka apewe Mombasa au Unguja. Hapo husimulia alivyoingia mjini humo, akapokewa, akala akashiba, ndipo atoe jibu. Aibu ya kutoa mji ndiyo iliyomtia mtoto hamu ya kuwaza. Na aliyeleta jibu jingine lenye mantiki aliweza kulitetea mbele ya wakubwa.

Watu hulaumu televisheni na simu. Siridhiki na lawama hiyo, maana kwenye simu hizohizo watu wanarushiana chemshabongo hadi usiku wa manane. Hamu ipo. Mimi naitazama zaidi shule, ambayo kwa haki imevihifadhi vitabuni vitendawili vingi visipotee. Nchini Kenya, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, KCPE, uliofanywa kuanzia 1985 hadi 2023, uliwahi kumtaka mtahiniwa ategue kitendawili kwa kuchagua jibu moja kati ya manne. Hapo hapana mji, hapana ubishi, na jibu la pili lenye akili ni kosa.

Hasara kubwa zaidi iko kwenye utunzi. "Reli yangu hutandaza ardhini": siafu. Hakuna ambaye angekitunga hicho kabla ya kuiona reli, iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893 na Mombasa mwaka 1896. Watu waliona chuma kigeni kikipita mashambani mwao, wakakilinganisha na msafara wa wadudu wanaowajua, wakategana. Leo mtoto aliyekulia kwenye jiko la gesi anaandika jibu "mafiga" asiyoyaona, ilhali bodaboda, mita ya umeme ya LUKU na pesa za simu, anavyoviona kila siku, ni nadra kuvikuta katika orodha anazokaririshwa. Akitunga chake kuhusu vitu hivyo, mtihani wa kuchagua jibu hauna pa kumpa alama.