Chumvi, Sukari na Utando wa Seli

Pakiti ya dawa ya kuhara iitwayo ORS, ambayo hukorogwa katika lita moja ya maji safi, ina gramu 2.6 za chumvi ya kawaida, gramu 1.5 za chumvi ya potasiamu, gramu 2.9 za sitrati na gramu 13.5 za glukosi, yaani sukari nyepesi ambayo mwili huitumia bila kuivunjavunja kwanza. Wengi hudhani kwamba glukosi hiyo, ambayo ndiyo nyingi kuliko vyote, imetiwa ili kumpa mgonjwa nguvu au kuficha ladha ya chumvi. Dhana hiyo inaeleweka, lakini kazi yake hasa ni kuvusha chumvi, na kwa njia hiyo maji, kupitia utando wa seli za utumbo.

Kila seli hai imezungukwa na utando ambao unene wake haufiki sehemu moja ya laki moja ya milimita. Utando huo umeundwa kwa tabaka mbili za lipidi, yaani molekuli za jamii ya mafuta, zilizopangika hivi kwamba vichwa vyake vinavyopenda maji vimeelekea nje na ndani ya seli, ilhali mikia yake inayoyakwepa maji imefichwa katikati. Oksijeni na kaboni dioksidi hupenya katikati hapo bila taabu, zikitoka zilikojaa kwenda zilikopungua, mwendo ambao huitwa mtawanyiko. Glukosi haiwezi kupenya hivyo, wala ayoni, yaani chembe zenye chaji ya umeme kama zile za sodiamu na kloridi zinazopatikana chumvi inapoyeyuka; hizo huvushwa na protini zilizopachikwa katika utando, ambazo baadhi yake ni mifereji na nyingine ni pampu.

Maji yenyewe hayana pampu popote mwilini. Huenda upande ambao vitu vilivyoyeyuka ni vingi zaidi, kwa kanuni ya osimosisi, na kwa sababu hiyo mwili unaotaka kuhamisha maji hulazimika kwanza kuhamisha chumvi.

Seli za ukuta wa utumbo mwembamba hufanya hivyo kwa kutumia pande zake mbili. Upande unaoelekea damu kuna pampu ambayo kila mara hutoa nje ayoni 3 za sodiamu na kuingiza 2 za potasiamu, ikitumia nishati ya seli. Aliyeigundua, Jens Christian Skou wa Denmark, alichapisha matokeo yake mwaka 1957 na kupewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1997. Kwa kuwa pampu hiyo huiacha seli ikiwa na upungufu wa sodiamu, sodiamu iliyomo utumboni huvutwa iingie, na upande unaoelekea ndani ya utumbo kuna protini inayoipokea kwa sharti moja, kwamba ayoni 2 za sodiamu ziingie pamoja na molekuli 1 ya glukosi. Kimoja kikikosekana, kingine hakivushwi kwa njia hiyo. Wazo la uchukuzi huu wa pamoja lilitolewa na Robert Crane katika mkutano wa wanasayansi mjini Prague mwaka 1960, na wakati huo halikuonekana kuwa na uhusiano wowote na wodi za wagonjwa.

Bakteria wa kipindupindu hawaingii ndani ya seli, bali hutoa sumu ambayo huiingia na kufanya mifereji ya kloridi ibaki wazi. Kloridi humwagika utumboni, sodiamu huifuata, maji nayo hufuata, na mtu mzima aliyezidiwa anaweza kupoteza hata lita moja kwa saa. Kwa miaka mingi madaktari waliamini kwamba ukuta wa utumbo wa mgonjwa huyo umebanduka, hivyo kumnywesha ni kazi bure. Vipande vya utumbo vilivyochunguzwa Bangkok mwishoni mwa miaka ya 1950 vilionyesha kwamba ukuta ungalipo. Protini inayopokea sodiamu pamoja na glukosi haiguswi na sumu. Mwaka 1968 David Nalin na Richard Cash walithibitisha mjini Dhaka kwamba wagonjwa wa kipindupindu wanaweza kurudishiwa maji kwa kunywa, na mwaka 1971, dripu zilipokwisha katika kambi ya wakimbizi ya Bongaon nchini India, daktari Dilip Mahalanabis aliwapa wagonjwa mchanganyiko wa chumvi na glukosi, vifo vikashuka kutoka takriban asilimia 30 hadi chini ya asilimia 4.

Vipimo vya pakiti, basi, si vya kukisia. Katika mchanganyiko unaotumika tangu mwaka 2002, idadi ya molekuli za glukosi ni sawa na ya ayoni za sodiamu. Soda na juisi, ambazo baadhi ya wazazi huwapa watoto kwa nia njema, zina sukari nyingi mno na sodiamu kidogo, na sukari inayobaki utumboni huvuta maji kutoka mwilini, kuhara kukazidi. Hata madafu, yanayosifiwa sana pwani, yana potasiamu ya kutosha lakini sodiamu yake ni haba.

ORS haikatishi kuhara. Humweka mgonjwa hai mpaka seli zilizoathirika zibadilishwe. Sumu ya kipindupindu hugeuza protini moja ya seli kwa namna isiyorekebishika, na seli iliyopatwa hubaki hivyo mpaka ing'oke. Mbadala wake hutoka katika vishimo vidogo vya ukuta wa utumbo, makao ya seli shina, ambazo kazi yake ni kugawanyika. Kabla ya kugawanyika, seli hunakili DNA yake yote. Kisha, katika hatua iitwayo mitosisi, kromosomu 46 zilizonakiliwa hujipanga katikati, nakala za kila moja hutenganishwa na kuvutwa pande mbili, na utando hubana katikati mpaka zipatikane seli mbili zenye urithi uleule. Seli changa hupanda taratibu kuelekea ncha za vinyweleo vya utumbo, na baada ya siku 3 hadi 5 hung'oka huko zikiwa zimechakaa.

Vimeng'enya vinavyonakili DNA katika mgawanyiko huo huhitaji zinki, madini ambayo mtoto anayehara huyapoteza. Ndiyo maana pamoja na ORS mtoto hupewa vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14, hata kama kuhara kumekoma siku ya tatu.